Mlio wa nyuki ndani ya kibuyu: historia ya efe za sauti, tangu wazee wetu hadi kompyuta

Utangulizi

Neno «efe» si geni kwa masikio yetu. Penye ndoa, penye matanga, hata kanisani siku ya Pasaka, tunasikia mwimbaji akimgeukia fundi wa muziki na kumwambia: «Ongeza efe kidogo!» Fundi anazungusha kifungo kimoja, na mara moja sauti inapanuka kama ya mtu anayeimba ndani ya pango. Watu wanafurahi, wanapiga makofi.

Watu wengi, hata wale waliosoma, wanaamini kwamba efe ni kitu cha mashine, kilichofika kwetu pamoja na wazungu na umeme wao. Kabla ya hapo, wanasema, muziki wetu ulikuwa sauti tupu: ngoma, koo na makofi. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba haiko hivyo. Efe ni kitu cha zamani kwetu, tena cha zamani sana. Tunataka kuonyesha pia hatari iliyopo leo: tunasafisha sauti ya vyombo vya wazee wetu mpaka inakuwa tupu, kisha tunakwenda kutafuta efe ndani ya kompyuta. Tunatupa kwa mkono mmoja kitu tunachokitafuta kwa mkono mwingine.

1. Efe maana yake nini?

Tuanze na maelezo ya darasani. Efe ni kila kitu kinachobadilisha sauti katika safari yake, tangu inapozaliwa mpaka inapofika sikioni, bila kuugeuza wimbo kuwa wimbo mwingine. Tunaweza kuzipanga efe katika familia tatu.

Familia ya kwanza ni efe za nafasi, maana yake mwangwi. Sauti inatembea hewani karibu metre 340 kwa sekunde moja. Ukipiga kelele mbele ya ukuta ulio mbali metre 17, sauti inakwenda na kurudi, jumla metre 34, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo sikio linaanza kutenga sauti ya kwanza na ile iliyorudi. Ukuta ukiwa karibu zaidi, sauti hizo mbili zinachanganyika. Na kuta zikiwa nyingi, kama ndani ya kanisa kubwa la matofali, sauti inabaki inaelea kwa muda. Ni sauti ile ile, lakini chumba kimeivalisha nguo.

Familia ya pili ni efe za kukwaruza. Sauti safi inaongezewa mlio mwingine juu yake: zzz, krrr. Wapiga gitari ya umeme wanazifahamu vizuri.

Familia ya tatu ni efe zinazoyumbisha sauti au kuinyoosha: zinafungua na kufunga sauti kama mdomo unaosema «wa-wa», zinaitetemesha, au zinaivuta mpaka ikae sawasawa penye noti.

Mtu akishika familia hizi tatu, ataona wazi yale tutakayosema juu ya wazee wetu, kwa sababu walikuwa nazo zote.

2. Efe za wazee

Tuchukue likembe, ambayo ndugu zetu Wachokwe wanaiita chisanji. Ndimi zake za chuma zimepangwa juu ya ubao au juu ya sanduku dogo la mti. Likembe nyingi za zamani ziko na pete ndogo za chuma au za waya zilizozungushwa kwenye ndimi, karibu na pale zinapobanwa. Ulimi ukipigwa, pete inatetemeka nayo, na sauti inatoka pamoja na mlio kama wa nyuki. Pete hizo hazikuwekwa kwa bahati mbaya, wala si pambo. Zinasogezwa na kujaribiwa moja moja mpaka kila ulimi ulie namna mpigaji anavyotaka. Hiyo ni familia ya pili: kukwaruza.

Likembe nyingi ziko pia na tundu dogo kwenye sanduku. Mpigaji anapopiga kwa vidole gumba, kidole kingine kinafunika na kufunua tundu hilo. Sauti inasema «wa-wa-wa». Hiyo ni familia ya tatu, na haihitaji hata waya mmoja wa umeme.

Twende kwenye madimba, marimba makubwa ya Kasai. Chini ya kila ubao kunaning'inia kibuyu kinachokuza sauti yake. Lakini fundi wa madimba haishii hapo. Anatoboa tundu dogo kwenye kibuyu na kulifunika kwa utando mwembamba kabisa, ambao kwa desturi unatoka kwenye kifuko ambamo buibui anatunza mayai yake. Hewa ya ndani ya kibuyu inapotikisika, utando nao unatikisika, na kila noti inatoka na mlio wake wa nyuki. Ngoma ya ditumba ya Waluba wa Kasai inatumia akili ile ile: kwenye mwili wa ngoma kuko tundu lenye utando, na ngozi ikipigwa, utando unajibu.

Tufikirie kazi iliyoko hapo. Utando wa buibui unapasuka upesi. Lazima mtu ajue buibui yupi, kifuko kinapatikana wapi, namna ya kukifungua bila kukipasua, namna ya kukibandika bila kukilegeza. Na ukipasuka, aanze upya. Nani angejisumbua hivyo kama mlio ule ungekuwa uchafu? Wazee waliufanyia kazi kwa sababu waliutaka. Sauti yenye mlio wa nyuki inapenya vizuri katikati ya makofi, vigelegele na miguu ya wachezaji. Inajaza pia ile nafasi iliyopo kati ya noti moja na nyingine, kwa hiyo chombo kimoja kinasikika kama vyombo viwili.

Nje ya mipaka yetu ni vile vile. Kule Zimbabwe, wapigaji wa mbira wanafunga makombe, na siku hizi vifuniko vya chupa, juu ya chombo na juu ya kibuyu kinachokizunguka, ili vilie pamoja na ndimi.

Na familia ya kwanza, ile ya mwangwi? Twende Ituri, kwa Wambuti. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika katika kitabu chake cha 1961 juu ya molimo, ile tarumbeta ndefu inayolia usiku msituni. Mtu anaimba na kunguruma ndani yake, na sauti yake inageuka: si ya mtu tena. Mpigaji anazunguka kambi, mara mbali, mara karibu, na msitu unairudisha sauti kutoka kila upande. Turnbull alitazamia kuona chombo cha mti kilichochongwa kwa heshima. Akashangaa kuona bomba la chuma lililotoka kwa watu wa kazi ya barabara. Wambuti wenyewe hawakuona shida yoyote. Kwao jambo kubwa lilikuwa sauti, si kitu kinachoitoa. Tushike neno hilo, tutalihitaji mbele.

3. Mashine za wazungu

Sasa tuvuke bahari. Wazungu na Wamarekani walipoanza kurekodi, shida yao ya kwanza ilikuwa kuipata sauti safi. Vyumba vya studio vilifunikwa kwa vitambaa ili kuta zisirudishe kitu. Sauti ikatoka safi, lakini kavu. Hapo wakaanza kutafuta namna ya kuirudishia maji yake.

Mwaka wa 1947, huko Chicago, fundi Bill Putnam alikuwa anarekodi kikundi cha wapiga harmonika, The Harmonicats. Aliweka haparle na mikro ndani ya choo cha jengo, ambacho kuta zake zilikuwa ngumu na laini. Akapeleka sauti ya muziki mle ndani, akaichukua tena na mwangwi wake, na kuichanganya na ile ya kwanza. Disiki ile, «Peg o' My Heart», ilipendwa sana. Ndiyo, wasomaji wapendwa, efe mojawapo ya kwanza za muziki wa kisasa ilitengenezwa chooni.

Baadaye ukaja ukanda wa sumaku. Mashine ya ukanda iko na kichwa kinachoandika sauti na kichwa kinachoisoma. Tuseme vichwa hivyo vinaachana kwa sentimetre 5, na ukanda unapita sentimetre 38 kwa sekunde: sauti itasomwa ikiwa imechelewa sekunde 0,13. Ukiichanganya na sauti ya kwanza, umepata mwangwi bila ukuta wowote. Mpiga gitari Les Paul alikuwa kati ya watu wa mbele katika michezo hiyo. Mwaka wa 1954, huko Memphis, Sam Phillips aliutumia mwangwi huo mfupi katika disiki za kwanza za Elvis Presley, na vijana wa dunia nzima wakautambua. Mwaka wa 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ikatoa mashine yenye bamba kubwa la chuma lililotundikwa ndani ya sanduku. Sauti inalitikisa bamba, na bamba linalia kama ukumbi mkubwa. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200.

Habari inayotugusa zaidi ilitokea Nashville mwaka wa 1960. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa anarekodi wimbo, na Grady Martin alikuwa anapiga gitari ya sauti ya chini. Sehemu moja ya mashine ya studio iliharibika, na gitari ikatoka na sauti ya kukwaruza mbaya kabisa, krrr, kama nyuki mkubwa ndani ya debe. Wangeweza kuifuta na kurudia. Hawakuifuta. Disiki ilitoka mwaka wa 1961, na wanamuziki wengine wakaanza kuuliza ile sauti imetoka wapi. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatengeneza kisanduku kidogo cha kuiga ule ubovu, na mwaka wa 1962 kisanduku kikaanza kuuzwa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka wa 1965 kikundi cha Uingereza, Rolling Stones, wakakitumia katika «Satisfaction», na tangu hapo gitari inayokwaruza ikawa lugha ya vijana. Mwaka uliofuata, 1966, huko Marekani, fundi mmoja mhandisi akapata njia ya kuifanya gitari iseme «wa-wa» kwa pedali ya mguu, na pedali ikaingia sokoni mwaka wa 1967.

Tuangalie vizuri. Wale watu walianza kwa kuondoa mlio wote usiotakiwa. Kisha, kwa njia ya choo, ya ubovu wa mashine na ya pedali, walirudi mpaka wakafika pale ambapo fundi wa madimba alikuwa ameketi siku zote na utando wake wa buibui, na pale ambapo mpiga likembe alikuwa na kidole chake juu ya tundu. Hatusemi kwamba waliiba kwetu. Hapana. Hawakutujua. Tunasema tu kwamba sikio la mwanadamu linachoka na sauti tupu, na kila taifa limetafuta dawa yake.

4. Gitari na studio katika Congo yetu

Hapa kwetu mashine ziliingia kwa hatua. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyetoka Afrika ya Kusini, alipita Katanga na vyombo vyake vya kurekodi. Penye mji wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake «Masanga» ukajulikana mbali. Kuko gitari moja, vidole viwili na koo, hakuna zaidi. Lakini hata rekodi ya namna hiyo si tupu kabisa. Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro mkononi na kuisogeza mara karibu na sauti, mara karibu na chombo. Pahali mikro inapokaa ni uchaguzi, na uchaguzi huo unabadilisha tutakachosikia.

Wakati huo huo, Léopoldville ilikuwa imejaa studio: Ngoma tangu 1948, kisha Opika na Loningisa kuanzia 1950. Mwaka wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuwa mpiga gitari wa jazz, alifungua nyumba ya disiki ya CEFA na kuleta gitari za umeme. Tangu hapo gitari ya Congo ikapata sauti ndefu, inayoimba. Docteur Nico Kasanda, mtoto wa Kasai, aliivuta sauti hiyo mpaka ikateleza kama gitari ya Hawaii. Alikuwepo na African Jazz huko Bruxelles mwezi wa kwanza 1960, penye Table Ronde, wakati «Indépendance Cha Cha» iliporekodiwa.

Wapigaji wetu hawakungoja mashine ziwatengenezee kila kitu. Mfano ni gitari ya mi-composé. Mpigaji anatoa kamba ya nne, ile nene ya re, na kuweka pahali pake kamba nyembamba inayopanda oktava moja juu. Vidole vinafanya kazi ile ile, lakini sauti inameta, noti za katikati zinajitokeza juu kama ndege. Hiyo ni efe kamili, na bei yake ni kamba moja.

Katika miaka ya 1980 wanamuziki wengi wa Zaïre walikwenda kurekodi Paris. Huko walikuta mwangwi wa kompyuta na ngoma za mashine. Disiki zikawa safi, zinang'aa, zikachezwa dunia nzima. Faida ilikuwepo, hatuikatai. Lakini sauti ya ngoma iliyotoka kwenye kidude cha Paris ilikuwa sauti ile ile kwa kila mtu, awe Mkongo, awe Mfaransa.

5. Konono, au likembe iliyovaa umeme

Kwa upande mwingine, kuko watu waliopita njia tofauti. Mingiedi Mawangu alikuwa Mzombo, wa lile kabila linalokaa upande huu na upande ule wa mpaka wa Angola. Katika miaka ya 1960 alianzisha Kinshasa kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la Konono N°1. Muziki aliotaka kuupiga ulitoka kwa Wabazombo, penye pembe za ndovu zinazopulizwa na watu wengi, kila mmoja na noti yake. Yeye aliuhamisha juu ya likembe.

Lakini Kinshasa si kijiji. Kuko magari, kuko baa, kuko watu mamia barabarani. Likembe peke yake haisikiki. Basi yeye na wenzake wakajitengenezea vinasa sauti kwa sumaku zilizotoka kwenye vyuma vya magari ya zamani na waya wa shaba, wakatumia ampli walizozipata, na wakapitisha sauti katika zile haparle zenye mdomo mpana kama tarumbeta, lance-voix, zilizobaki tangu wakati wa ukoloni. Ngoma nazo zikaongezewa vyuma na sufuria.

Nini kilitokea? Sauti ilikwaruza. Sumaku zile na haparle zile hazikuweza kutoa sauti safi. Na hapa ndipo hekima yao inapoonekana: hawakuuona mlio huo kama adui. Sikio lao lilikuwa limezoea likembe yenye nyuki, na sasa umeme uliwaletea nyuki mkubwa zaidi. Wakaukaribisha, wakautengenezea muziki. Tukumbuke Wambuti na bomba lao la chuma: jambo kubwa ni sauti, si kitu kinachoitoa.

Kikundi kilirekodiwa mwaka wa 1978, na rekodi hiyo ikatoka Ufaransa katika miaka ya 1980. Mbelgiji Vincent Kenis alipousikia muziki wao, aliutafuta kwa miaka mingi. Mwaka wa 2004 nyumba ya disiki ya Crammed, ya Bruxelles, ikatoa «Congotronics», na vijana wa Ulaya waliozoea mashine za umeme wakabaki kinywa wazi. Mwaka wa 2005 ikafuata disiki ya pili, ambamo tunasikia pia Kasai Allstars, kikundi kilichounganisha Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu, na ndani yake madimba na ngoma zenye utando zinalia pamoja na likembe za umeme. Mwaka wa 2007 mwimbaji Björk aliwaita Konono katika wimbo wake. Mwaka wa 2010 walishiriki katika wimbo «Imagine» ndani ya disiki ya Herbie Hancock, na wimbo huo ukapata tuzo la Grammy mwaka wa 2011. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015, akiwa mzee sana.

Somo lake kwetu ni hili: alishika umeme bila kutupa sikio la wazee. Dunia haikumfuata kwa sababu sauti yake ilikuwa safi. Ilimfuata kwa sababu ilikuwa yake.

6. Kompyuta inayonyoosha koo

Efe inayotawala siku zetu ni Auto-Tune. Asili yake inatuchekesha sisi watu wa nchi ya madini. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyetumia hesabu za sauti kutafuta petroli: mlipuko unapigwa, mwangwi unarudi kutoka ndani ya ardhi, na hesabu zinaonyesha kilichoko chini. Mwaka wa 1997 aliweka hesabu za aina hiyo katika programu inayosikiliza noti ya mwimbaji na kuivuta mahali inapotakiwa kukaa.

Ilitengenezwa ili isisikike. Lakini mwaka wa 1998, katika wimbo «Believe» wa Cher, mafundi waliiambia programu ivute noti mara moja, bila kuchelewa hata kidogo. Koo likageuka, likaanza kuruka kama ngazi. Wale mafundi kwanza waliificha siri, wakasema wametumia mashine nyingine. Lakini siri ya muziki haikai. Leo sauti hiyo iko katika rai ya Algeria, katika coupé-décalé ya Abidjan, na katika nyimbo za vijana wa mitaa yetu, waimbao mapenzi na waimbao Yesu.

Je, ni vibaya? Hatusemi hivyo. Mtu akiitumia kama Mingiedi alivyotumia haparle yake, akijua anachotaka, ni chombo kama chombo kingine. Shida ni pale anapoitumia kama pazia. Lugha zetu nyingi ni lugha za toni: katika Kiluba, neno moja likipandishwa au likishushwa linageuka maana. Mwimbaji wa zamani alijua kupita katikati ya noti mbili ili neno lisipotee. Programu haijui Kiluba. Inavuta kila kitu penye noti za kinanda.

7. Kazi iliyobaki

Sasa tufike penye jambo linalotuumiza. Hapa kwetu tunaona likembe na madimba vikitengenezwa kwa kuuzwa au kwa ajili ya kwaya, bila pete, bila utando. Mwanafunzi mmoja darasani kwetu, aliposikia likembe ya zamani, alisema: «Mwalimu, tutoshe hivi vyuma, vinaharibu sauti.» Wenzake wakakubali. Na studio nyingine ndogo, zikipokea mzee na chombo chake, kwanza zinakata sauti za juu ili mlio upotee, kisha zinaongeza mwangwi wa kompyuta ili sauti «ipendeze». Baada ya hapo chombo cha Kasai kinasikika kama kinanda cha bei rahisi.

Kuko wanaosema mlio ule unazuia chombo kupatana na kinanda. Tuwaeleze kwa upole: kupatanisha noti ni jambo moja, na mlio ni jambo lingine. Ulimi wa likembe unaweza kuvutwa au kusukumwa mpaka ukae kwenye noti ya kinanda, na pete ikabaki pahali pake.

Kuko pia wanaosema mlio ule ni sauti ya mizimu, na Mkristo aukimbie. Hao nao tuwajibu kwa historia. Mwaka wa 1958 Missa Luba iliimbwa Kamina, kwa sauti na ngoma za kwetu. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaïre, na ngoma zikaingia kanisani kwa mlango mkubwa. Utando wa buibui hauna dini. Una mlio tu, na mlio unaweza kumsifu Mungu.

Lakini hatari kubwa si ubishi. Hatari kubwa ni kimya. Chombo kinaweza kukaa museo miaka mia moja, lakini utando wake haukai. Unapasuka, unaanguka, na kibuyu kinabaki na tundu ambalo hakuna anayejua lilikuwa la nini. Ujuzi wa utando uko ndani ya vidole vya wazee, na wazee wanatuacha. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hayaombi pesa nyingi.

Kwanza, mwalimu wa fizikia anayefundisha mwangwi na mtikisiko, achukue likembe na kibuyu kama mifano. Wanafunzi wataelewa upesi kuliko kwa michoro ya ubao.

Pili, yeyote anayekwenda kurekodi mzee kwa simu au kwa mashine, amwombe apige mara mbili: mara ya kwanza na pete au utando, mara ya pili bila hivyo. Tofauti itajieleza yenyewe.

Tatu, aulize na kuandika katika daftari: utando huu unatoka kwa buibui gani, unatafutwa wakati gani, unabandikwa kwa nini, unaitwaje katika lugha yenu? Jina lenyewe ni sehemu ya urithi.

Nne, wenye studio wamuulize mpigaji kabla ya kukata mlio: «Baba, sauti yako unaitaka namna gani?» Swali hilo halichukui hata dakika moja.

Hatuwakatazi vijana wetu kompyuta, wala mwangwi, wala Auto-Tune. Wachukue vyote. Tunachoomba ni kwamba, kabla ya kwenda kununua efe ya mbali, waisikilize kwanza ile iliyoko nyumbani. Nyuki bado yumo ndani ya kibuyu. Tusimfukuze kabla hatujaonja asali yake.